Kidonda Kidogo, Maumivu Madogo?

SWALI: Mke wangu ni mwanika dagaa hapa Ukerewe, na vali yake ya moyo (kilango cha kupitishia damu) iliharibiwa na homa ya baridi yabisi aliyougua utotoni. Tumeelezwa kwamba vali mpya inaweza kuwekwa kwa kupasua mfupa wa kidari au kwa kupitia ubavuni. Majirani wanasema njia ya ubavuni haiumi. Je, ni kweli, na atarudi lini mwaloni?
Msomaji, Nansio

JIBU: Si kweli, ndugu msomaji. Kidonda cha ubavuni ni kifupi, lakini daktari hupanua nafasi iliyo kati ya mbavu, ambamo hupita neva (mishipa ya fahamu), na kwa sababu hiyo baadhi ya wagonjwa husikia mchomo mkali siku za mwanzo, pengine kuliko waliopasuliwa kidari, hasa wanapokohoa au kuvuta pumzi ndefu. Kidari hufungwa kwa waya wa chuma na kutulia. Maumivu yake mara nyingi huhamia mabegani na mgongoni, jambo linalowatisha wengi pasipo sababu.

Faida ya ubavuni huonekana zaidi baadaye. Mfupa wa kidari huhitaji wiki 6 hadi 8 kuunga, na hadi 12 kukomaa, na kabla ya hapo mkeo hapaswi kuinua ndoo ya dagaa wabichi wala kukimbilia kuvuta turubai mvua inapotanda (hapo mawifi watafute nguvu zao). Aliyepitia ubavuni huweza kurudia kazi nyepesi mapema zaidi. Hata hivyo, msichague kwa kuhofia maumivu pekee, kwani vali zaidi ya moja zikiwa mbovu, au mishipa ya moyo ikiwa imeziba, daktari anaweza kulazimika kufungua kidari.

Kwa njia yoyote ile, ameze dawa za maumivu kwa saa alizopangiwa bila kungoja yamzidi, kwa maana anayeogopa kukohoa hubaki na makohozi kifuani na kupata nimonia; akumbatie mto anapokohoa. Akiwa anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asinunue dawa ya maumivu iitwayo ibuprofeni dukani, kwani huongeza hatari ya kuvuja damu. Mfupa wa kidari ukitoa mlio wa kugonga anapojigeuza kitandani, kidonda kikitoa usaha au homa ikipanda, msingoje siku ya kliniki. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.