Pikoboli kwenye joto la Phoenix: usiache, badilisha saa

Dada, umesema umeanza pikoboli (pickleball, mchezo unaofanana na tenisi, wa kupigiana mpira kwa vibao) Julai hii hapo Phoenix, Arizona, Marekani, unacheza saa kumi jioni ukitoka kazini, na kila mara unarudi na kichwa kinagonga na misuli ya miguu imekaza. Hizo ni dalili za joto, usizipuuze. Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo za nyuzi 43 za Selsiasi na zaidi, na saa kumi ndipo joto linapokaribia kilele.

Hamia alfajiri, kabla jua halijachomoza. Usiku si mbadala mzuri sana, maana sakafu ya uwanja bado inatoa joto lililofyonzwa mchana. Ukipata ukumbi wa ndani wenye kiyoyozi, bora zaidi.

Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea joto, kwa hiyo anza na dakika 15 hivi, uongeze kidogo kidogo. Cheza wawili kwa wawili, mbio zinapungua. Kunywa kikombe cha maji kila dakika 15 au 20. Mchezo ukizidi saa moja, ongeza kinywaji chenye chumvi. Kama unatumia dawa za presha, hasa zile za kukojosha, muulize daktari kwanza.

Ukisikia kizunguzungu au kichefuchefu, acha hapo hapo, hata kama ni pointi ya mwisho. Mwenzako akianza kuongea ovyo au akizimia, pigeni 911, namba ya dharura, na mmwagieni maji baridi papo hapo huku mkisubiri.