Bastola bila vibao vya mpini, nipige tu?

SWALI: Kaka za kazi? Nina bastola yangu aina ya 1911, kibali kipo. Juzi naisafisha, kibao cha kushoto cha mpini kikapasuka pale penye skrubu, basi nikavitoa vyote viwili. Vipya nimeagiza ila havijafika na Jumamosi nina zoezi la shabaha. Jamaa mmoja ananiambia kinachopiga ni chuma, vile vibao ni urembo tu, twende hivyo hivyo. Ni kweli? Na nikiuzungushia selotepu je?

JIBU: Huyo jamaa yako kapatia nusu. Risasi itatoka, na bastola haitakulipukia eti kwa sababu haina vibao, manake mlipuko unabebwa na chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa) na mtutu huko juu, mpini hauhusiki. Ila hayo ya urembo ndo kayakosea.

Ishike hiyo 1911 yako (toa magazini, yaani kasha la risasi, kwanza, vuta slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma, chungulia chemba, halafu ingiza kidole uhakikishe) uangalie ubavu wa kushoto juu kidogo ya pale kibao kilipokuwa. Unaona kale kabomba kembamba kamelala? Ndani kana springi yenye kipini huku na kipini huku, kimoja kinasukuma sefti (kizuizi cha usalama), kingine kile kikomeo cha slaidi. Kabomba kenyewe kamegongewa tu kwenye fremu, na ukingo wa juu wa kibao ndo unakazuia kasibanduke. Ukipiga bila kibao kakalegea, sefti inaweza kukwama au ikawa haishiki, na sefti ya kubahatisha kwenye bastola inayobebwa nyundo ikiwa imevutwa siyo kitu cha kuchekea.

Na wewe una nafuu. Mwenye Beretta 92 akitoa kibao cha kulia anakuta springi ya ule upau unaotoka kwenye triga iko nje nje, kibao ndo kinaizuia, ikiruka anavuta triga hakuna kitu. Makarov ndo usiseme, mpini wake ni kipande kimoja kinachofungwa kwa skrubu moja tu ya nyuma, ukiutoa unaiona springi kubwa ya nyundo iko wazi kabisa. Kwa hiyo swali siyo vibao ni urembo au siyo, swali ni bastola ipi.

Kuna na mkono wenyewe. Bila vibao mpini unakuwa mwembamba, pembeni makali, na zile bushi nne za skrubu (vijibomba vya chuma ambamo skrubu za vibao zinaingia) zimechomoza zinakuchimba kiganja kila risasi. Chuma kikilowa jasho kinateleza, bastola inageuka mkononi, unaanza kuishika upya katikati ya kupiga na hapo ndo vidole vinaenda pasipotakiwa. Halafu siku ganda la risasi likipasuka (ni nadra, ila hutokea hasa kwa risasi za kujazwa upya vibaya) gesi inashukia kwenye tundu la magazini na kutafuta upenyo, mara nyingi vibao ndo vinapasuka au kurushwa. Bora kipasuke kibao kuliko kiganja.

Selotepu hapana. Inasogea ikipata joto la mkono, na kwenye 1911 ukizungusha mpini mzima umeifunga na ile sefti ya nyuma inayobonyezwa na kiganja, yaani umeizima kwa mkono wako mwenyewe. Hata kale kabomba haikazuii.

Jumamosi azima bastola nyingine pale pale uwanjani au upumzike. Vibao vikifika, kaza skrubu taratibu, na siku ukizifungua tena angalia, mara nyingi bushi nayo inatoka pamoja na skrubu, ikitoka usiilazimishe kurudi ikiwa imekaa upande, nyuzi zake ni laini zinaharibika fasta, mpelekee fundi wa silaha. Na angalia urefu wa skrubu mpya, ikizidi itakuwa inakwaruza magazini, ukibonyeza kitufe haidondoki.