Mayotte chini ya Ufaransa au Lesotho huru? Nimekaa kote kuwili, haya ndo niliyoyaona

Mleta mada kauliza hivi: nchi ndogo isiyo na ubavu, bora ibaki chini ya taifa kubwa kama Mayotte, kile kisiwa cha upande wa Comoro, ilivyo chini ya Ufaransa, au ijitegemee kama Lesotho hata kama imezungukwa na Afrika Kusini pande zote? Naona wengi wameshajibu chapchap kwamba Mayotte, kuna euro, kuna pasipoti ya Ulaya, mjadala umeisha. Mimi naomba nijibu kwa urefu kidogo kwa sababu sehemu zote mbili nimekaa. Lesotho nilikuwa fundi wa pampu za maji kwa mkataba, huko Mokhotlong na baadae Thaba-Tseka, na Mayotte dada yangu kaolewa, nimekaa kwake vipindi tofauti kikiwemo kile cha ukame wa 2023. Kazi yangu ni maji kwa hiyo nitaongea sana maji, mengine nitayagusa tu.

Kwanza tuelewane ukubwa. Mayotte nzima ni kilomita za mraba 374, visiwa viwili vinavyokaliwa, Grande-Terre na Petite-Terre, kutoka kimoja kwenda kingine unavuka na pantoni, na mlima wao mrefu haufiki hata mita 700. Lesotho ni zaidi ya kilomita za mraba elfu 30, na hata sehemu yake ya chini kabisa iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hakuna nchi nyingine huru duniani iliyo juu yote namna ile. Kilele cha Thabana Ntlenyana kina mita 3,482. Ukichukua pato la kila mtu kwa makaratasi, Mayotte inaizidi Lesotho takriban mara kumi, na hapo ndo watu wengi wanaishia.

Sasa njoo kwenye maji. 2023 mvua ziligoma Mayotte, mabwawa yao mawili ya milimani, Combani na Dzoumogné, yakashuka mpaka ukaona matope ya chini, na kuanzia Septemba maji yakawa yanatoka siku moja kati ya tatu. Nyumbani kwa dada kila chombo kilikuwa kina maji, ndoo, sufuria, madumu, mpaka beseni la kufulia. Siku ya zamu hakuna anayelala, bomba linaanza kukoroma usiku, kwanza linatoa hewa, halafu maji ya kahawia, unayaacha yapite kidogo huku roho inauma kwa sababu unamwaga maji wakati huna maji, halafu ndo unakinga, na hayo nayo tumeambiwa tuyachemshe kabla ya kunywa. Shemeji ana kazi nzuri tu, mshahara wa euro, ila hela yake haikuwa inaleta maji bombani. Mwisho serikali ikawa inagawa maji ya chupa, watu wanapanga foleni juani kuchukua katoni, kwenye mkoa kamili wa Ufaransa ambao tangu 2014 ni sehemu ya Umoja wa Ulaya. Na sio kwamba mtu hakujua, kisiwa kinategemea mvua kwa sehemu kubwa sana, watu wanaongezeka kila mwaka, mtambo wa kuchuja maji ya bahari uliopo Petite-Terre hautoshi, haya yalishasemwa miaka na miaka. Lakini mwenye kauli ya mwisho yuko Paris, na Paris Mayotte ni kitu kidogo sana kwenye meza yao.

Halafu nenda Lesotho uone kinyume chake. Kule maji ndo bidhaa. Bwawa la Katse lina ukuta wa mita 185, ukisimama juu yake ukaangalia chini miguu inalegea, na kutoka hapo maji yanapita kwenye mahandaki ndani ya milima mpaka mtambo wa umeme wa 'Muela halafu yanatoka upande wa pili kwenda kunywesha Johannesburg na viwanda vyake. Tangu 1998 maji yanaenda na Lesotho inalipwa kila mwezi. Maji yangu mimi hayakuwa yale ya Katse, yalikuwa ya vijijini, chemchemi tunaijengea, tunaweka tangi, tunashusha bomba mpaka kwenye vituo vya kijiji. Baridi ya Juni na Julai huko juu sio ya kusimuliwa, bomba lisipofukiwa vizuri maji yanaganda usiku na asubuhi unakuta limepasuka kwa urefu, mpasuko mmoja mrefu kama umechanwa na kisu. Vijana wachunga ng'ombe wanakaa wamejifunga mablanketi yao wanakuangalia unafukua upya ardhi iliyoganda. Na kiukweli kabisa, kuna vijiji unaviona ng'ambo ya lile bwawa, maji ya nchi nzima jirani yamelala chini yao, wamama wanapanda mlima na ndoo kichwani kutoka kwenye chemchemi. Hilo liliniuma na bado linaniuma.

Kwa hiyo mtu atasema, si yaleyale tu, kote watu hawana maji. Hapana, na hapa ndo hoja yangu yote ilipo. Lesotho kuna karatasi yenye sahihi ya Lesotho. Mkataba wa maji wa 1986 na Afrika Kusini unataja kiasi, unataja malipo, na ile faida inayopatikana kwa kuchukua maji huko juu badala ya kuyasukuma kutoka bondeni, Lesotho inapewa asilimia 56. Mkataba wenyewe ulizaliwa kwa shida, tusidanganyane, Januari mwaka huohuo makaburu walifunga mipaka, nchi ikabanwa koo, jeshi likampindua Waziri Mkuu Leabua Jonathan, na Oktoba mkataba ukasainiwa. Na 1998 majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yalipoingia kwa jina la SADC baada ya vurugu za uchaguzi, sehemu mojawapo waliyoiwahi ni Katse, na askari wa Lesotho waliokuwa wanalinda pale wakauawa. Sijasema uhuru wao ni wa kustarehe.

Lakini angalia kilichofuata. Mkuu wa mamlaka ya ule mradi, Masupha Sole, alishtakiwa kwa kula rushwa za makampuni ya nje na 2002 akahukumiwa kifungo. Mahakama ya Maseru, mji mkuu wao, haikuishia kwa mtu wao, ikayatia hatiani na makampuni yenyewe, moja la Canada, lingine la Ujerumani, makampuni makubwa ya uhandisi yenye mawakili wa kila aina. Nchi ya watu milioni mbili, nyingi yake milima na kondoo, ikafanya kitu ambacho nchi kubwa zilikuwa zinakiogopa. Unafanyaje hicho kama huna mahakama yako, sheria yako na mwendesha mashtaka wako? Mayotte hata kadhi ambaye watu walimzoea karne na karne aliondolewa kwenye kazi ya kuhukumu mwaka 2010 ili kisiwa kifanane na Ufaransa kabla ya kuwa mkoa 2011.

Hapo nisieleweke vibaya, siwadharau Wamahore, yaani watu wa Mayotte, kwa uamuzi wao wa kubaki na Ufaransa, na humu naona watu wanawaita watumwa, acheni hiyo lugha. Kuna bakoko mmoja jirani ya dada, mzee wa makamo ya babu yangu, lugha yao ukiongea Kiswahili taratibu mnaelewana, nilimuuliza kwa heshima kwa nini walikataa kwenda na wenzao wa visiwa vingine vya Comoro. Akanambia, "Mwanangu, sisi tulinyang'anywa mji mkuu tukiwa tunaona." Alikuwa anasema habari ya makao makuu ya utawala kuhamishwa kutoka Dzaoudzi, hapo Mayotte, kwenda Moroni kwenye kisiwa cha Ngazija, ofisi zikaondoka, ajira zikaondoka, biashara ikafa. Wanawake ndo walioshika vita ile, wakiongozwa na watu kama Zéna M'déré, kiongozi akija kutoka Moroni wanamzunguka wanamtekenya mpaka anarudi chomboni kwa aibu. Kura ya Desemba 1974 visiwa vingine vikataka uhuru, Mayotte zaidi ya asilimia 60 wakakataa. Kauli yao ilikuwa wabaki Wafaransa ili wawe huru, maana waliyemuogopa ni ndugu wa kisiwa cha jirani kuliko mzungu wa mbali. Kwa ile hofu waliyokuwa nayo, na ukiangalia mapinduzi yaliyofuatana Comoro baada ya 1975, huwezi kusema walikuwa wajinga.

Na Lesotho nao walianzia palepale. Moshoeshoe, mfalme wao, alipoona maburu wanammalizia ardhi yake aliomba mwenyewe ulinzi wa malkia wa Uingereza, akaupata 1868. Mayotte ilishatolewa kwa Wafaransa 1841 na sultani wake, Andriantsoly. Yaani wote wawili walijificha nyuma ya mkubwa wa mbali kumkwepa mkubwa wa karibu. Tofauti ni kwamba Wasotho hawakukubali ulinzi ugeuke umiliki. Uingereza ikawapeleka chini ya koloni la Cape, Cape ikataka kuwanyang'anya bunduki, wakapigana 1880 mpaka wakarudishwa chini ya Uingereza moja kwa moja. Muungano wa Afrika Kusini ulipoundwa 1910 mpango ulikuwa siku moja Basutoland, yaani Lesotho ya enzi hizo, imezwe, wakakataa miaka yote hiyo. Sasa wewe unayesema Lesotho wangejiunga tu, hebu vuka mpaka uende QwaQwa, Wasotho walewale, lugha ileile, makaburu wakawafanyia bantustan, yaani kinchi bandia cha kuwatenga weusi. Bendera ya uhuru ya 1966 ndo iliyowaokoa watu wa Maseru na yale, na wakimbizi wa Afrika Kusini wakapata pa kukimbilia, mpaka Maseru ikavamiwa Desemba 1982 watu 42 wakauawa kwa sababu ya kuwahifadhi.

Kuhusu pasipoti, hiyo mnayoisifia. Aliyezaliwa Mfaransa anayo na anafaidi kweli, watoto wa dada watasoma Réunion au Ufaransa na mimi nashukuru. Ila mgeni mwenye kibali cha kuishi cha Mayotte kibali chake kinaishia Mayotte, hawezi kupanda ndege kwenda Paris hivihivi, na viza niliyopewa mimi ni ya hapo hapo kisiwani. Msaada wa fukara ni nusu ya unaolipwa Ufaransa bara, na takwimu zao wenyewe za 2018 zinasema asilimia 77 ya watu wako chini ya mstari wa umaskini wa Ufaransa. Tangu viza ilipowekwa 1995 kati ya Mayotte na visiwa vingine, watu wa Anzuani wanavuka usiku kwa vile viboti vya kwassa-kwassa, ni kilomita 70 tu, na waliozama ni wengi mno. Watu wa damu moja, mmoja ana karatasi mwingine anakamatwa sokoni. Hospitali ya Mamoudzou, mji mkuu wa Mayotte, pamoja na vituo vyake ilizalisha watoto kama elfu 10 mwaka 2023, kwa kisiwa cha ukubwa ule, na bado mama anavuka bahari akazalie pale kwa sababu kwao ni pabaya zaidi. Hili nalitaja ili mjue Ufaransa kuna kitu inaleta, sio maneno matupu.

Kimbunga Chido kilipoipiga Mayotte tarehe 14 Desemba 2024 simu ya dada ilikata, tukakaa hatujui yuko hai au vipi. Nyumba yao ya matofali ilibaki na kuta, bati lote likaenda. Vibanda vya mabati kule Kawéni vililala chini mlima mzima. Ndege za jeshi zikaleta chakula, wakaja madaktari na hospitali ya mahema, na hapo lazima niseme, Lesotho ikipigwa vile haina ndege za kuita, itaomba.

Mimi nikiulizwa nachagua Lesotho. Bungeni kwao unaweza kuuliza hela ya Katse imeenda wapi na kuna mtu palepale Maseru analazimika kujibu. Na wameonyesha inawezekana, bwawa la Metolong lililokamilika 2015 ni la kwao wenyewe, linanywesha Maseru na miji ya jirani. Sasa wanajenga Polihali, bwawa lingine la kuipelekea maji Afrika Kusini, na liko hukohuko Mokhotlong nilikokuwa nafukua mabomba. Kama kuna Msotho anasoma humu, ombi langu ni moja, dai vijiji vinavyozunguka Polihali viunganishiwe maji kabla lita ya kwanza haijavuka mpaka.