Jibu: Mwanga kwa magoti yaliyovimba

Pole sana ndugu, na mpe mama pole. Umeuliza kama tiba ya mwanga itamfaa magoti yenye baridi yabisi, na kama anaweza kuacha dawa. Kuacha dawa hapana, tafadhali! Mwanga huo, mwekundu au ule usioonekana kwa macho, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 600 hadi 1000 hivi, hupenya ngozi na kufyonzwa na mitokondria, yaani sehemu ndogo zinazozalisha nishati ndani ya seli; hauunguzi. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikuta maumivu yakipungua kwa muda mfupi, na ukakamavu wa asubuhi ukipungua kwa takriban dakika 27. Kwa mgonjwa, hiyo si haba. Lakini katika baridi yabisi kinga ya mwili hushambulia viungo vyenyewe, na kuizuia isile gegedu na mfupa ni kazi ya dawa kama methotreksati. Akijaribu, avae miwani ya kukinga macho.