Maswali ya Wasomaji: Mbona Meza za Yadi 1,000 Zinabaki Wazi?

Mwezi huu tumepokea barua tatu zinazohusu mchezo mmoja, nasi tumeona ni vyema tuzijibu pamoja. Mchezo wenyewe ni ule wa kulenga shabaha ya mbali huku bunduki ikiwa imelazwa juu ya meza, mbele ikikaa kwenye kiegemeo na nyuma kwenye mfuko wa mchanga. Wamarekani huuita benchiresti. Hutafutwa mlengaji ambaye matundu ya risasi zake yamekaribiana kuliko ya wenzake wote, na alama za shabaha nazo huhesabiwa kwa tuzo ya peke yake.

*Mzee wangu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, na kwa miaka tisa nimekuwa mwanachama wa klabu moja ya hapa Pennsylvania inayoendesha mashindano ya yadi 1,000. Mwaka huu nimechaguliwa kuwa katibu. Nilipojiunga tulikuwa tunajaza zamu sita za walengaji. Sasa tukipata tatu tunashukuru. Wageni huja mara moja na hawarudi, na hata wenzetu wa siku nyingi wanapungua. Wazee wanasema michezo mipya imewachukua vijana. Tufanye nini? — M.K., Pennsylvania*

Marahaba, ndugu katibu, na hongera kwa kazi uliyopewa. Umeipewa katika jimbo lile lile ambako klabu ya kwanza ya yadi 1,000, yaani mita 914, iliundwa mwaka 1967 karibu na mji wa Williamsport, na mgawanyo wa bunduki nyepesi isiyozidi ratili 17, sawa na kilo 7.7, na bunduki nzito ndio mnaoutumia hata leo. Haitapendeza meza zikibaki wazi huko kuliko mahali pengine popote.

Wazee wako hawajakosea, ila wamesema nusu. Ni kweli kwamba upo mchezo wa F-Class, uliobuniwa na Mkanada George Farquharson, ambao mlengaji hulala chini na bunduki yake ikaegemezwa. Na ni kweli kwamba tangu mwaka 2012 mashindano ya PRS (Precision Rifle Series), ambayo mtu hulenga akiwa juu ya vizuizi vya kila namna, yamewavuta vijana wengi. Nusu iliyobaki ni kujiuliza kijana anapata nini kule ambacho kwetu hakipati, na njia nzuri ya kulijibu ni kuihesabu siku ya mgeni wako, saa kwa saa.

Ameamka saa kumi alfajiri, ameendesha gari saa tatu, amefika saa moja asubuhi. Zamu yake ikifika anapewa dakika chache za risasi za majaribio, kisha anapiga risasi tano za kuhesabiwa kwa bunduki nyepesi. Akiwa na bunduki nzito, atapiga kumi nyingine baadaye. Saa zinazobaki yuko handakini, chini ya shabaha, akibadilisha karatasi za wenzake, au ameketi kwenye kiti cha kukunja. Na pale ambapo washindi wa zamu peke yao ndio wanaorudi mezani kwa raundi ya mwisho, yeye amemaliza kazi kabla ya chakula cha mchana. Mwenzake aliyekwenda F-Class siku hiyo hiyo amepiga risasi 60 za kuhesabiwa kwa mizunguko mitatu ya risasi 20.

Wala idadi si jambo kubwa kuliko yote. Katika F-Class kila risasi huonyeshwa ilipotua kabla ya inayofuata kupigwa, hivyo mtu akikosea anajua papo hapo kwamba upepo umemdanganya, na anajua ni upepo upi. Kwetu risasi za majaribio huonyeshwa, lakini zile za kuhesabiwa hazionyeshwi. Mgeni anapiga tano gizani, karatasi inarudi baadaye ikiwa imepimwa, ameandikiwa inchi 14 kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi, na hana namna ya kujua tundu lipi ni la risasi ya kwanza na lipi ni la tano. Mlengaji wa miaka ishirini ataisoma karatasi hiyo kama barua. Mgeni ataikunja na kuondoka, na mwezi unaofuata hatakuwa na sababu ya kuendesha saa tatu nyingine kwa kuwa hakujifunza kitu. Mimi naamini kwa dhati kwamba hapa ndipo tunapowapoteza, kuliko kwenye gharama na kuliko kwenye michezo mipya.

Dawa yake haihitaji fedha. Kila mgeni apewe mtu mmoja wa kukaa nyuma yake, mwenye darubini yake mwenyewe na daftari, ambaye siku hiyo kazi yake ni huyo mgeni tu. Niliwahi kukaa hivyo nyuma ya kijana mmoja aliyekuwa amekuja na bunduki ya kuazima. Nilimwonyesha bendera za upepo moja baada ya nyingine, kisha mazigazi, yaani mawimbi ya hewa ya joto, yaliyokuwa yakitiririka ndani ya darubini kutoka kulia kwenda kushoto kama maji ya mfereji, nikamwambia asifyatue ila yanapotiririka hivyo. Akapiga tatu vizuri. Ya nne na ya tano alizipiga mazigazi yakiwa yamesimama na kuanza kupanda wima, kwa sababu alihofia muda utamwishia. Mimi nikaandika hayo daftarini bila kusema neno. Karatasi iliporudi, matundu matatu yangefunikwa na kisahani cha kikombe, na mawili yalikuwa mbali kulia, upana wa kiganja na zaidi. Nikamfungulia daftari. Aliitazama karatasi, akalitazama daftari, akauliza mashindano yanayofuata ni tarehe ngapi.

Kama klabu yenu ina uwezo, fanyeni pia mazoezi Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya mashindano, kwa shabaha ya kielektroniki inayoonyesha kila risasi kwenye simu. Siku ya mashindano yenyewe sheria ibaki ilivyo, kwa sababu kupiga bila kuona ni sehemu ya ugumu unaotupendeza sisi wakongwe. Ila mtu asikutane na ugumu huo siku yake ya kwanza.

Jambo la pili ni yadi 600. Chama cha International Benchrest Shooters, kilichoanzishwa mwaka 1970, kina mashindano ya masafa hayo ambayo mlengaji hupiga shabaha nne, risasi tano kila moja, kwa kila aina ya bunduki, na nafasi yake hutokana na wastani wa zote nne. Huyo amepata risasi 20 za kuhesabiwa mahali pa tano, na akiharibu shabaha ya kwanza bado ana tatu za kujirekebisha. Ganda dogo la risasi la 6 BR na ndugu yake 6 Dasher, yanayotawala yadi 600, ndiyo hayo hayo ambayo yanashinda mara nyingi yadi 1,000 kwa bunduki nyepesi, kwa hiyo anayeanzia huko hatupi fedha yake: akiwa tayari, anahamisha bunduki ile ile. Hayapigi teke kali, na mtutu wake hudumu kuliko mitutu ya maganda makubwa ambayo wengine huichosha kabla ya risasi 1,000. Kama uwanja wenu unaruhusu, wekeni mashindano matatu au manne ya yadi 600 kwa mwaka, na myaweke mwanzoni mwa msimu.

Kuhusu wakongwe, naomba uniruhusu niseme wazi. Wengi wao ni watu wa miaka 70 na zaidi, na bunduki nzito huwa haina kikomo cha uzito. Zipo ambazo mtu mmoja hawezi kuzibeba kutoka kwenye gari. Msimwache mzee wa miaka 75 ashuke handakini saa ya jua kali, na msingoje aombe msaada, kwa sababu hataomba: atakaa nyumbani tu. Tangu uhaba wa fataki za risasi, vile vidude vya kuwashia baruti, ulipoanza mwaka 2020 na bei kupanda, wapo walioacha mazoezi kwanza, kisha mashindano. Klabu inayonunua fataki na baruti kwa jumla na kuwagawia wanachama kwa bei ile ile iliyonunulia imewapunguzia mzigo ambao mtu peke yake hawezi kuuepuka. Matokeo nayo yatumwe jioni ile ile, majina yote hadi la mwisho; mtu aliyekuwa wa 22 anataka kuona kwamba safari iliyopita alikuwa wa 25.

*Ndugu mwandishi, mimi ni mama wa watoto wawili, nilizaliwa Mombasa na sasa ninaishi North Carolina. Mume wangu alinipeleka kwenye mashindano ya yadi 1,000 na bunduki yetu ya .308 tuliyoinunua dukani, pamoja na risasi za dukani. Kundi langu lilikuwa inchi 19. Wenzangu walikuwa na inchi tano, sita. Niliona haya kubandika karatasi yangu ukutani. Je, mchezo huu ni wa watu kama mimi? — Z.A., North Carolina*

Dada Z.A., nianze na hizo inchi 19, maana nadhani umejihukumu kwa kosa ambalo si lako. Risasi ya .308 ikisafiri yadi 1,000 huanguka kiasi kwamba tofauti ndogo ya kasi huonekana kubwa kwenye karatasi: risasi mbili zikitofautiana futi 30 kwa sekunde zinapotoka mtutuni, moja itatua kama inchi 10 chini ya nyingine, hata kama mlengaji hakutikisika hata kidogo. Risasi za dukani zinaweza kutofautiana futi 50. Ukiongeza kwamba upepo wa maili moja tu kwa saa, ambao usingeusikia shavuni, huisogeza risasi hiyo pembeni inchi 10 hivi, utaona kwamba hao wa inchi tano walikuja na risasi walizozijaza wenyewe kwa mkono, wakiipima baruti punje kwa punje, na mitutu iliyochongwa kwa kazi hiyo moja. Mwaka 2007, huko Ohio, Tom Sarver alipiga risasi tano katika inchi 1.403 kwa masafa hayo, lakini hakufika hapo kwa bunduki ya dukani.

Ichunguze tena karatasi yako. Ikiwa matundu yametawanyika zaidi kwenda juu na chini kuliko pembeni, shida kubwa ni risasi, na wewe ulikuwa ukiusoma upepo vizuri kuliko ulivyodhani. Mwombe mwanachama mmoja akufundishe kujaza risasi zako. Wengi wao wanapenda sana kufundisha, ila hawajui waanzie wapi na mgeni asiyeuliza.

Kwa viongozi wa klabu watakaosoma barua hii: wekeni daraja la bunduki za kiwandani, na sheria yake iwe fupi na kali, kwamba mtutu, kitako na mtambo wa kufyatulia vibaki kama vilivyotoka kiwandani. F-Class walikuwa na wazo zuri walipoweka daraja la F-TR kwa risasi za .308 na .223 peke yake, lakini kwa kuwa mtutu na kitako viliachwa huru, wenye fedha waliligeuza kuwa daraja la bunduki za kuchongwa. Dada huyu angeshindana na watu wenye bunduki kama yake, hizo inchi 19 huenda zisingemtia haya hata kidogo.

*Kaka, mimi ni Mkongo wa Bukavu, nilifika Ohio kama mkimbizi na sasa nina kadi ya kijani. Jirani yangu Mmarekani amenialika kwenye klabu yake ya kulenga yadi 1,000 na atanikopesha bunduki. Kwetu bunduki ilikuwa ni habari ya vita, na bado ninaogopa sheria. Ninaruhusiwa? — B., Ohio*

Ndugu B., kwa sheria ya shirikisho ya Marekani mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kushika na kumiliki bunduki kama raia, mradi asiwe na kizuizi kingine, kwa mfano kuwahi kuhukumiwa kwa kosa kubwa la jinai au kwa ugomvi wa nyumbani. Sheria za majimbo hutofautiana, hivyo ukihama uliza upya, na ukiwa na shaka yoyote muone mwanasheria kwanza. Walio katika hatari ni wale walioingia kwa viza ya muda, wanafunzi na wageni wakiwemo: wao kwa kawaida wamekatazwa hata kushika risasi, isipokuwa kwa ruhusa chache kama vile leseni halali ya uwindaji, na kuazimwa bunduki uwanjani hakuwaondolei katazo hilo. Ndugu katibu wa Pennsylvania nawe uliangalie hili kabla ya kumkaribisha mezani mtoto wa jirani aliyekuja kusoma chuo.

Hofu yako ya bunduki ninaielewa, na hupaswi kuharakishwa. Mwambie jirani yako kwamba mara ya kwanza hutafyatua. Utaona kwamba kwenye uwanja unaoendeshwa vizuri komeo la kila bunduki liko wazi hadi amri itolewe, na hakuna anayeigusa bunduki yake wakati watu wako mbele. Kisha omba ushuke handakini pamoja na wanaobadilisha shabaha, ukiwa umeziba masikio yako vyema. Kutoka chini huko utasikia risasi ikipasua hewa juu ya kichwa chako, na sauti ya bunduki yenyewe itakufikia nyuma yake, hafifu, kama mtu aliyegonga mlango wa nyumba ya tatu. Na karatasi ikishushwa, utakuwa wa kwanza kuyaona matundu.