Waajiri wa Mwanza wanauliza, mhandisi wa elektroniki anajibu

Mara kwa mara huitwa kusaidia pale waajiri wa hapa Mwanza wanaposaili mafundi na wahandisi wa elektroniki. Usaili ukiisha, watu wakiwa kwenye chai, ndipo maswali ya kweli yanapotoka. Safari hii nawajibu waajiri hao, ila naye anayetafuta kazi asome. Akijua kinachotafutwa upande wa pili wa meza, atajiandaa vizuri zaidi.

Mhandisi, kiwanda chetu cha samaki kinatafuta mtu wa kutunza mitambo. Tutangaze nafasi ya mhandisi wa umeme au wa elektroniki? (Afisa rasilimali watu, Igogo)

Anza na kinachowasumbua, jina la cheo litafuata. Wa umeme kazi yake kubwa ni nguvu: transfoma, jenereta, mota, nyaya nene. Wa elektroniki anahusika na vile vinavyopima na kuamua: sensa za baridi, yaani vipimia baridi, bodi (vibao vya saketi) zinazoendesha kompresa, mizani ya kidijiti, kengele za hatari. Kama mota zenu zinaungua kila mwezi, mtafute wa kwanza. Kama kioo cha vipimo kinaonyesha namba ambazo hazifanani na hali ya chumba, mtafute wa pili. Ila kazi ya kuunganisha umeme wa majengo ina leseni yake ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hivyo usimkabidhi mtu wa elektroniki asiye nayo, hata kama ni hodari wa bodi.

Mimi nimesomea utawala. Nitajuaje kama anachonijibu ni kweli au ananipiga maneno tu? (Afisa utumishi, Nyakato)

Swali hili nalipenda, kwa sababu hapa ndipo vijana wazuri wanapopotea na waongeaji wanapopata kazi. Achana na maswali ya "eleza maana ya transista". Majibu yake yanakaririka. Chukua jambo la kazini kwenu, ambalo jibu lake umeshapewa na mtu anayelijua, umpe mwombaji karatasi na kalamu.

Mfano ninaoutumia mimi ni huu. Chumba cha kuhifadhia samaki waliogandishwa kinatakiwa kiwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Sensa yake inapima kuanzia nyuzi 50 chini ya sifuri hadi 50 juu, na inatuma mkondo wa miliampea 4 kwenye baridi ya chini kabisa hadi 20 kwenye joto la juu kabisa. Chumba kikiwa sawa, mita itasoma ngapi? Anayejua haanzi kuongea, anaanza kuandika. Kutoka 50 chini hadi 18 chini ni nyuzi 32 kati ya 100. Mkondo wote una nafasi ya miliampea 16, na asilimia 32 yake ni 5.12. Ongeza zile 4 za kuanzia, unapata 9.12.

Akimaliza, muulize: kwa nini ianzie 4, isianzie sifuri? Hapo usimsaidie. Ingeanzia sifuri, siku waya umekatika bodi ingesoma sifuri na kudhani chumba kimefika nyuzi 50 chini. Ingezima kompresa, kioo kingeonyesha baridi kali, na samaki wangeharibika mle ndani. Kwa kuanzia 4, sifuri inabaki kuwa na maana moja tu: kuna kasoro kwenye njia. Mwombaji akifika mpaka kwa samaki bila kusukumwa, huyo mshike.

Halafu weka mezani bodi iliyokufa na mita. Umeme usiwepo. Mtazame anavyoanza. Anauliza ilikufaje, kama radi ilipiga, kama iliwahi kufunguliwa? Anatafuta kapasita, yaani vihifadhi chaji, zilizovimba, anapima fyuzi? Na je, kabla ya kugusa anahakikisha kapasita kubwa ya pawasaplai imemaliza chaji? Umeme wetu wa volti 230 ukishageuzwa kuwa mkondo mnyoofu hufika karibu volti 325, na kapasita inaweza kuubakiza humo hata plagi ikiwa imechomolewa. Anayerukia bodi kwa vidole, mimi humkata alama nyingi. Makosa mengine nafundisha, lakini hilo linaua.

Kijana ana stashahada, ila miaka mitatu yote amekuwa kibandani Makoroboi akitengeneza simu na redio. Kwenye barua yake sehemu ya uzoefu ameiacha tupu. Tumhesabieje? (Meneja wa hoteli, Capri Point)

Mhesabie, tena bila kusita. Inaniuma kuona kijana ameshika mamia ya bodi, nyingi hazina hata mchoro, mwenye simu amesimama pembeni anasubiri, kisha anaandika kwamba hana uzoefu kwa sababu hakuwa na barua ya ajira. Amefundishwa kwamba kazi ni ya ofisini. Hapana. Kupata hitilafu kwa macho, pua na mita ya bei ndogo ndio msingi wa taaluma yetu.

Anachokosa mara nyingi ni kuandika. Kibandani hakuna zamu ya kumkabidhi mwenzako, kwa hiyo hakuna taarifa. Basi mpe nusu saa aandike kisa kimoja: kifaa kilikuja na dalili gani, alipima wapi, akakuta nini, akabadilisha nini. Akiandika kwa mpangilio, hata kwa Kiswahili cha kawaida, mchukue. Na ninyi mlioko vibandani, nunueni daftari leo hii muanze kuandika kila kifaa kinachopita mikononi mwenu.

Usajili wa Bodi ya wahandisi ni lazima? (Sengerema)

Akiajiriwa kwa cheo cha mhandisi, ndiyo, awe kwenye daftari la Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Aliyetoka chuo karibuni husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, na hufanya kazi chini ya uangalizi kabla ya kuwa mhandisi mtaalamu. Omba namba yake uihakiki. Lakini kama kazi yenyewe ni ya fundi sanifu, usidai shahada kwa ajili ya heshima ya tangazo.

Shikamoo mhandisi. Tunauza na kutengeneza taa za sola za kuvulia dagaa. Nimpime vipi fundi? (Nansio, Ukerewe)

Marahaba, mdogo wangu. Mpe hesabu ya taa. Taa ya wati 10 iwake kwa muda wa saa 10 kila usiku, betri ya risasi ya volti 12 iwe ya ukubwa gani? Wati 10 kwa saa 10 ni wati-saa 100. Gawa kwa 12, unapata ampea-saa 8 na kidogo. Wengi huishia hapo, wakakupa ya 9. Fundi wa kweli atakumbuka kwamba betri ya risasi ukiimaliza zaidi ya nusu kila usiku haidumu, kwa hiyo atazidisha mara mbili na kukuambia 18. Mvuvi aliyeuziwa ya 7 anaachwa gizani katikati ya ziwa kabla ya alfajiri.

Kisha muulize kazi ya matengenezo itamwelemea lini. Aliyekulia visiwani atajibu mara moja: mbalamwezi ikiwa kubwa, maana taa hazifai kitu, mitumbwi iko nchi kavu na taa zote zinaletwa kwa mkupuo.

Msichana mmoja amewashinda wote, ila bosi anaogopa zamu za usiku. Tumuulize ataolewa lini? (Ilemela)

Msimuulize. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua hata mwombaji kazi kwa jinsia, ujauzito au hali ya ndoa. Mwambieni zamu zikoje, kama mlivyowaambia wanaume, yeye aamue. Na sheria hiyo hiyo inataka kila saa ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ilipwe nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Bosi akitafuta la kuhangaikia, ahangaikie usafiri wa wote wanaotoka saa nane za usiku.

Msailiwa alisema "sijui" mara tatu. Tumwache? (Igoma)

Alisema nini baada ya "sijui"? Tuliwahi kumsaili binti aliyeonyeshwa bodi ya mashine ya kufungashia. Akasema, "Hii sijawahi kuishika, lakini ningepima volti hapa, halafu pale kwenye rigyuleta, kile kinachotuliza volti." Tukampa mita. Alipopima kwanza hapakuwa na kasoro, kwenye rigyuleta akakuta volti 5 hazipo. Jumatatu iliyofuata alikuwa kazini.