Kabla hujaisifia muvi, jiulize jirani ataiangalia kwenye TV gani

"Mwanangu, ulituambia muvi nzuri, sisi tumeangalia giza."

Hayo maneno niliambiwa na mama mmoja jirani yetu huku Ngamiani, Tanga, jioni, ndo natoka zangu kununua mihogo, na wala hakuwa anatania. Alikuwa ameniamini. Nilikuwa nimeisifia muvi moja ya kivita, nikasema zile picha zake za usiku peke yake zinatosha mtu kuinunua, na yeye akatoa hela yake akamtuma mjukuu dukani, baada ya isha wakakaa sebuleni familia nzima, watoto wakatandikiwa mkeka, wakaangalia karibu saa mbili za weusi mtupu na sauti za watu wanakimbia.

Nikamwomba nije nione mwenyewe. Kesho yake nikaenda, shikamoo mama, marahaba karibu, nikawashiwa deki. TV yake ni ile ya kichogo, inchi 21, safi kabisa, ina kitambaa cha kufuma juu yake. Na ni kweli. Ile sehemu ambayo mimi niliona mwezi unamulika maji na sura ya steringi nusu iko kwenye mwanga nusu iko kwenye kivuli, pale palikuwa na vibox vya kijivu na vyeusi vinachezacheza tu. Afu maandishi ya chini, mstari wa pili ulikuwa umemezwa na ukingo wa kioo, unaona vichwa vya herufi basi.

Sasa mimi niliiangalia wapi? Kwenye laptop, hedifoni masikioni, kopi safi, peke yangu usiku nimezima taa. Nikaandika kama vile kila mtu Tanga anaangalia hivyo. Siku ile ndo nilielewa kwamba nilikuwa nahakiki muvi ambayo jirani yangu hajawahi kuiona, na nadhani hilo ndo kosa kubwa la sisi tunaoandika kuhusu muvi za kuangalia nyumbani, tunaandika kama watu waliotoka sinema wakati msomaji yuko sebuleni kwake na rimoti ambayo betri zake mpaka uzipigepige.

Ngoja nieleze kilichotokea kwenye ile diski maana ukikielewa utahakiki tofauti. DVD ya kawaida ya tabaka moja ina nafasi ya GB 4.7, ya matabaka mawili ni GB 8.5, na muvi moja ikiwekwa vizuri inakula sehemu kubwa ya hiyo nafasi. Diski ya mama ilikuwa na muvi 20. Gawanya mwenyewe, kwa diski ya tabaka moja kila muvi imebakiwa na kama MB 235 hivi. Ili zienee lazima zibanwe, na zikibanwa sana giza ndo linaumia mapema, kwa sababu ile programu ya kubana inachukua weusi wa aina kumi inaugeuza kuwa weusi wa aina mbili, kwahiyo muvi ya mchana juani inaweza kuvumilika, ila muvi ya usiku inakufa. Mimi niliisifia usiku wake. Yaani nilisifia kitu kilekile ambacho kopi yake ilikuwa haina.

Na maandishi yaliyokatwa, hilo ni la TV yenyewe. TV za kichogo kwa asili yake zinameza ukingo wa picha pande zote nne, ndivyo zilivyotengenezwa. Tena umbo lake ni 4 kwa 3, wakati muvi nyingi za sinema zimepigwa kwa umbo refu la kulala, kama 2.39 kwa 1. Ukiiweka nzima kwenye kichogo picha inachukua zaidi kidogo ya nusu ya urefu wa kioo, kutoka juu kwenda chini, kwingine kote ni ukanda mweusi. Hata hizi flati za sasa za 16 kwa 9 picha inachukua robo tatu hivi. Kuna watu wakiona ule ukanda mweusi wanasema muvi imekatwa, wanabonyeza zuum ijae, na hapo ndo wanaikata kweli, maana pembeni panapotea na unaweza ukakuta mtu anaongea na ukuta kumbe mwenzie yuko nje ya kioo. Mwambie msomaji wako hilo. Sentensi moja inatosha.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza na nausema kwa msisitizo, iangalie muvi mara mbili kwa vifaa viwili. Mara ya kwanza kopi nzuri ili ujue mwenye kazi alikusudia nini. Mara ya pili iangalie kama watu wanavyoiangalia, TV ya nyumbani, feni inazunguka, watoto wanapita, sauti ya spika za TV zenyewe bila sabufa. Ukifanya hivyo utagundua mambo ambayo kwenye hedifoni hayapo. Kuna sizoni moja niliipenda sana, nilipoiweka sebuleni kwetu waigizaji wananong'ona mpaka unapandisha sauti hadi mwisho, afu mlipuko unakuja mtoto anaamka analia. Mtu mwenye mtoto mchanga anahitaji kuambiwa hivyo kuliko anavyohitaji kujua nani ameongoza.

Kuna jamaa yangu ana nyumba kule Raskazone, alinunua TV kubwa mpya akaniita niione. Tukaweka muvi, nikaona kitu hakiko sawa, watu wanateleza kwenye picha kama tamthilia ya studio, hakuna ule uzito wa sinema. Tatizo TV mpya nyingi zinakuja na mpangilio wa kulainisha mwendo, zinatengeneza picha za katikati ambazo kamera haikupiga. Tukaingia kwenye menyu ya picha, tukauzima, tukatoa na ule mpangilio wa rangi kali za dukani, akakaa kimya dakika nzima anaangalia. Sa hivi nikienda kwa mtu kuangalia kitu nachohakiki naanzia kwenye menyu kwanza.

Jingine ni toleo. Hili lilinigombanisha na rafiki yangu wa miaka mingi, tuko kwenye kahawa na kashata, tunabishana kuhusu Blade Runner, yeye anasema steringi anasimulia muvi nzima kwa sauti yake na mwisho wanaondoka zao vizuri, mimi nasema hakuna msimulizi na mwisho haukuwa hivyo. Tukafikia kuambiana hujaangalia wewe umesimuliwa. Kumbe wote tuko sawa. Ile iliyoonyeshwa sinema mwaka 1982 ina msimulizi na mwisho wa furaha, ya 1992 vimeondolewa, na kuna nyingine tena ya 2007. Na The Shining nayo iko ya dakika 144 na iko ya dakika 119, sasa ukiandika kwamba inajivuta sana, msomaji wako anaweza kuwa na ile fupi akashangaa unasema nini. Andika dakika za kopi uliyoangalia. Mwaka wa toleo kama upo kwenye kava uandike pia.

Ila usiwe mwepesi kusema imekatwa. Muvi inapigwa picha 24 kwa sekunde, na kwenye PAL, ule mfumo wa picha za TV ambao diski nyingi za huku zinatumia, inachezwa 25 kwa sekunde, kwahiyo inakimbia asilimia 4 zaidi, ya dakika 120 inakuwa 115 na hamna hata tukio moja lililotolewa. Mimi niliwahi kulalamikia diski halali kabisa kwa dakika tano ambazo hazikuibiwa na mtu, ikabidi niandike tena kuomba radhi.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho wahakiki wengi wanakikwepa, muvi zilizotafsiriwa. Hapa kwetu nyumba nyingi hazijui hiyo muvi bila sauti ya mtafsiri, toka enzi za kanda za mtafsiri Lufufu mpaka hawa ma-DJ wanaotafsiri sasa. Ukiihakiki muvi ya Kichina au ya Kihindi ukajifanya mtafsiri hayupo, umeacha nusu ya kitu ambacho watu wanakisikia. Mimi namhakiki kama muigizaji mwingine. Je anasubiri mtu amalize au anafunika kilio cha mama mwenye msiba kwa stori zake? Anaeleza kinachoendelea au anaongeza chumvi mpaka kisa kinageuka? Kuna watafsiri nawaheshimu kweli, wanaijua muvi kabla hawajafungua mdomo, wanajua wapi wanyamaze, na kunyamaza ndo kazi ngumu kuliko zote kwenye ile fani. Na kuna ambao wameniharibia muvi nzuri nikaja kuielewa miaka baadae nilipoipata bila sauti yao. Yote hayo yaandike, afu useme kama muvi inaeleweka pia bila yeye.

Kwa Bongo muvi naomba tuwe wakweli na tuwe na upendo kwa pamoja. Miaka ile ya kina Kanumba, yule muigizaji, kabla hajafariki Aprili 2012, na baadae kidogo, muvi zilikuwa zinauzwa Part 1 na Part 2, unafika mahali kisa kimekolea, inakuandikia itaendelea. Jambo la kwanza la kumwambia mnunuzi lilikuwa hilo, kisa kinaisha kwenye hii diski au andaa hela nyingine? Sa hivi ni sizoni na epsodi lakini swali ni lilelile. Sauti ndo tatizo linalojirudia sana, upepo kwenye maiki, muziki umepanda juu ya maneno. Ukisema "muvi mbovu" hujamsaidia mtu, sema dakika ya 31 kule ufukweni maneno ya baba hayasikiki kwa upepo, aliyetengeneza atakusoma na safari ijayo atatafuta njia ya kuuzuia. Mimi nimeona wakibadilika. Na kama kuna diski au njia halali ya kuipata, itaje hiyo kwanza kabla ya nyingine yoyote, stempu za kodi kwenye diski zilianza 2013, kwahiyo kwa diski za miaka ile mfundishe na mteja azitafute.

Nani yuko sebuleni, hili usilisahau hata siku moja. Nyumba zetu hizi bibi yupo, baba mkwe amekuja kusalimia, watoto wa jirani wamejaa mlangoni. Zile alama za umri kwenye kava zinasaidia lakini hazisemi lini. Mimi naandika dakika, kwa mfano "dakika ya 43 mpaka 45 kuna mambo ya chumbani", basi, mtu anajipanga, anatuma watoto maji au anaruka. Nimeshukuriwa kwa huo mstari mmoja kuliko makala zangu zote ndefu. Kama ni damu nasema damu kiasi gani, kama kuna mtoto anaumizwa nasema wazi kabisa bila kuzungusha, kuna wazazi hawawezi kuangalia na wana sababu zao.

Sizoni zina hesabu yake. Usihukumu kwa epsodi moja, ya kwanza mara nyingi ni kutambulisha watu tu, mimi siandiki mpaka nimalize nne, na neno la mwisho nalisubirisha mpaka sizoni iishe. Halafu mpigie mtu hesabu ya bando. Netflix wenyewe wanasema picha ya kawaida inaweza kula mpaka GB 1 kwa saa na HD mpaka GB 3, kwahiyo sizoni ya epsodi kumi za saa moja moja ni GB 10 au 30, hiyo kwa mtu anayejiunga bando la siku ni uamuzi mkubwa. Kama epsodi ya tatu na ya nne hazina kitu mwambie aruke. Na kama sizoni ilikatishwa bila kumalizia kisa mwambie mwanzoni kabisa, usimwache apoteze siku kumi zake halafu aishie hewani.

Kuhusu kusimulia, mimi nasimulia mpaka pale tatizo linapoanza, nikishafika hapo nafunga mdomo. Natumia daftari la mistari, kushoto dakika, kulia nilichoona, maneno machache, "12 mlango", "58 mama anacheka mara ya kwanza". Ukirudia daftari baada ya siku mbili, kile ambacho bado unakikumbuka bila kusoma ndo cha kuandika. Simu weka mbali. Umeme ukikatika katikati rudia toka mwanzo wa tukio, usidandie.

Yule mama tulielewana. Nilimtafutia ile muvi diski yake peke yake, nikaingia kwenye menyu ya deki nikaipunguza picha kidogo ili maandishi yaingie ndani ya kioo, tukaangalia wote. Hapo nikaona kitu kingine, mjukuu wake wa darasa la sita ndo anamsomea, maandishi ya Kiingereza yanapita, mtoto anasoma kimoyomoyo anamwambia bibi kwa Kiswahili, "anasema asiende, daraja limevunjika." Maandishi yakikimbia mtoto anakwama, bibi anabaki anasubiri. Kwahiyo sa hivi kwenye daftari nina sehemu nyingine pembeni, naandika maandishi yanakaa kwenye kioo muda wa kutosha mtoto kumsomea mtu mzima au hayakai. Ile ya kivita yanakaa. Palipofika mwezi kwenye maji mtoto hakuwa na cha kusoma, wakanyamaza wote wawili, bibi akavua miwani akaifuta kwa kanga akaivaa tena.